Jicho la Kulia

Nilimwita Deni kwa sababu nilimkopa:
laki tatu, miezi minane, kwa mwenye majaruba.
Tela la kwanza la chumvi alilivuta bila kofi.
Mwaka wa pili deni likaisha, jina likabaki.

Ni punda wa kijivu cheupe, na pembeni mwa macho
ngozi yake ni ya waridi, kama kucha za mtoto mchanga.
Sikujua kwamba hiyo ni hatari.
Huku Lindi jua linapiga mara mbili:
likishuka toka juu, na likirudi toka kwenye chumvi.
Mimi nina kanga ya kujitanda.
Yeye hakuwa na kitu.

Ilianza punje, kama ya mtama,
kwenye kope ya chini, kushoto.
Nikaosha kwa maji ya uvuguvugu. Nikapaka asali.
Punje ikawa uyoga. Uyoga ukavuta nzi.
Bi Nantende akachungulia uani, akasema,
"Somoe, hilo ni jicho."
Najua ni jicho.
"Namaanisha la watu."

Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki,
akakata kipande kidogo kama ukucha,
akakitia kwenye kichupa, kichupa kikapanda basi kwenda Mtwara.
Siku kumi na tisa nilipakia chumvi bila kuhesabu magunia.
Ndipo simu: "Mama, ni saratani."
Nikacheka, Mungu anisamehe.
Saratani niliijua ya kwenye bango la zahanati,
ya matiti na ya kizazi, yenye picha ya mama mwenye kilemba.
Kumbe punda naye ana foleni yake?

Maalimu Saburi ndiye aliyenifafanulia:
kwa Kiarabu, saratani ni kaa.
Basi, kaa namjua.
Hutoboa tuta la jaruba usiku, tundu la kidole tu,
alfajiri unakuta maji ya wiki tatu yametorokea mikokoni
na wewe umesimama na koleo.
Kaa haombwi. Unachimba mpaka umfikie,
na tope la pembeni yake unalitupa pia.

"Tunatoa jicho zima," alisema daktari,
"na bado ugonjwa unaweza kurudi."
Akataja bei.
Mwanangu Shaweji akasema, kwa bei hiyo
tunapata nusu ya punda mwingine, mwenye macho mawili.
Sikumjibu. Wahenga walishajibu:
dawa ya deni ni kulipa.
Nikaenda kwa mtu wa kangomba,
nikauza korosho zikiwa bado maua.
Usiniulize kwa bei gani.

Wanaume wanne wakamlaza chini ya mkorosho uliokwisha kuuzwa.
Sindano, kisha miguu ikalegea kama kamba iliyolowa.
Shaweji, yule yule wa nusu ya punda,
alishika kichwa mpaka mwisho, shati lote damu,
akimwimbia kitu cha jandoni ambacho mama haruhusiwi kukisikia.
Nikajifanya sisikii.

Sasa ni miezi mitano.
Mwanzoni alikwangua bega kwenye kila nguzo ya kushoto.
Nikahama upande. Natembea kushotoni kwake,
nasema kabla ya kumgusa:
shimo. Mtoto. Bodaboda, simama.
Nimemshonea kofia ya kiroba, matundu mawili ya masikio,
ukingo mpana unaofika puani.
Watoto wa Mitwero wanamwita Bibi Harusi.

Watu husema fadhila za punda ni mateke.
Alinipiga teke, kweli, siku ya kutoa nyuzi;
ugoko bado una alama.
Ila nani kati yetu alimfadhili mwenzake,
hesabu hiyo sijaimaliza.

Daktari atarudi Novemba. Hakuahidi kitu.
Kila alfajiri, kabla jua halijaifikia chumvi,
naweka kidole gumba chini ya kope iliyobaki,
napapasa taratibu, natafuta punje.
Limebaki jicho la kulia.
Leo, kavu.